Mwacheni Amalize

Ukitoka Buxton ukavuka daraja la Nyali na kushika njia ya Mtwapa, huwezi kulikosa jina la Montessori. Limeandikwa kwenye kuta za shule za chekechea za Bombolulu, Kiembeni, hadi Shanzu, na mara nyingi pembeni pamechorwa twiga au sungura aliyevaa joho la mahafali. Siwalaumu wenye shule. Jina hilo halina mwenyewe kisheria. Huko Marekani, mamlaka ya alama za biashara iliamua mwaka 1967 kwamba limekuwa neno la kawaida, halimilikiwi na chama chochote. Yeyote anaweza kuliandika ukutani kwake. Kwa hiyo mzazi anayelipa karo ya juu kwa ajili ya jina hilo hana wa kumtetea ila macho yake mwenyewe, na macho hayo lazima yajue yanatafuta nini.

Ninafundisha watoto wa miaka mitatu hadi sita upande wa Kisauni, na swali ninaloulizwa zaidi mlangoni asubuhi ni hilo: "Mwalimu, Montessori ni nini hasa?" Wengine wanataka kuonyeshwa vifaa. Wengine wamesikia kwamba watoto hufanya wapendavyo, na wanaogopa. Nimezoea kuwaeleza habari za rafu fupi, mikeka na mbao za rangi, lakini kadiri ninavyozidi kukaa na watoto hawa ndivyo vitu hivyo vinavyozidi kuonekana vidogo machoni pangu. Nikiulizwa leo, nasema hivi: ni kumwacha mtoto aliyezama katika kazi yake amalize. Mengine yote yamewekwa ili hilo liwezekane. Na hilo, ambalo halinunuliwi, ndilo adimu kuliko yote katika shule zetu, za bei ghali na za bei nafuu.

Maria Montessori alizaliwa mwaka 1870 katika mji wa Chiaravalle, Italia, akahitimu udaktari Chuo Kikuu cha Roma mwaka 1896, wakati wanawake waliosomea kazi hiyo nchini mwake walikuwa wa kuhesabika. Alianza kwa watoto waliokuwa wamefungiwa pamoja na wagonjwa wa akili kwa kuonekana hawafundishiki. Akawasoma madaktari wawili wa Ufaransa, Itard na Séguin, waliokuwa wamejaribu kuwafundisha watoto wa namna hiyo kwa kupitia mikono na hisia, akaiendeleza kazi yao. Kisha, tarehe 6 Januari 1907, ikafunguliwa Casa dei Bambini, yaani Nyumba ya Watoto, katika mtaa wa San Lorenzo mjini Roma. Ulikuwa mtaa wa maskini. Kampuni iliyokarabati majumba ya hapo ilitaka watoto wapate wa kuwaangalia, kwa sababu wazazi walishinda kazini nao watoto walikuwa wakichafua kuta na kuharibu ngazi. Watoto walikuwa hamsini na kitu, na aliyekaa nao kutwa hakuwa mwalimu aliyesomea.

Ningependa kila mzazi wa Mombasa aijue habari hiyo, kwa kuwa hapa kwetu Montessori imefanywa elimu ya wenye uwezo. Ilianza kwa watoto ambao mama zao, lau wangekuwa huku, wangeamkia soko la Kongowea alfajiri na kurudi jua likitua.

Montessori mwenyewe amesimulia habari ya msichana wa karibu miaka mitatu aliyekuwa akishughulika na kipande kirefu cha mbao chenye matundu, na vipande vya mviringo vya kuchomeka, kila kimoja na tundu lake. Msichana alivichomoa vyote, akavichanganya, akavirudisha kimoja kimoja mahali pake, kisha akaanza tena. Montessori akawaambia watoto wengine waimbe na kuzunguka chumbani. Msichana hakugeuka. Akambeba pamoja na kiti chake akamweka juu ya meza. Msichana aliudaka ubao wake, akauweka magotini, akaendelea. Alirudia zaidi ya mara 40. Halafu akaacha mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, akatazama huku na huku kwa furaha kama aliyeamka usingizi mtamu.

Kila nikiisoma habari ile naona kwamba ugunduzi mkubwa wa mama yule uko hapo. Watu walikuwa wakiamini, na wengi bado wanaamini, kwamba mtoto mdogo hana uwezo wa kutulia juu ya jambo moja, ndiyo maana lazima abadilishiwe kila baada ya muda mfupi. Yeye aliona kinyume chake kwa macho yake. Tangu siku hiyo kazi yake ikawa ni kutafuta kinachomzuia mtoto asifike pale, na alichokikuta mara nyingi ni mtu mzima.

Darasa la Montessori linalofuata mpango wake lina kipindi kimoja cha kazi kila asubuhi, kinachochukua karibu saa tatu mfululizo bila kukatwa. Mtoto huchagua kazi rafuni, hupeleka mkekani au mezani, huifanya mara anazotaka, kisha huirudisha mahali pake ili mwingine aikute. Montessori alizichunguza asubuhi za namna hiyo kwa makini, akaona jambo ambalo kila mwalimu wa nasari analijua kwa kuliishi. Baada ya saa moja au zaidi kidogo, darasa huanza kuchemka. Sauti hupanda, watoto huzurura, huyu anamvuta yule shati. Mwalimu hudhani wamechoka, huwatoa nje au hugonga kengele. Montessori aliuita huo uchovu wa uongo. Watoto wakiachwa, wakisaidiwa wachache tu waliopotea kabisa, baada ya muda mfupi hutulia tena, na hapo ndipo huchagua kazi ngumu kuliko zote za siku na kuzama humo kwa kina. Tukiwatoa nje wakati ule, tunawanyima sehemu bora ya asubuhi.

Sasa iangalie asubuhi ya chekechea yetu ya kawaida. Watoto wamefika, wameimba, wamesali. Kipindi cha nusu saa cha lugha. Wimbo wa kuwakusanya. Kipindi cha nusu saa cha hisabati. Foleni ya choo. Uji. "Macho kwangu!" "Mikono juu!" "Nyamaza!" Katikati ya hayo yupo mtoto ambaye ndiyo kwanza amegundua kwamba pojo zikimiminwa polepole zinatoa mlio tofauti na zikimiminwa haraka, na anataka kuusikia tena. Anaambiwa aweke chini, zamu ya hiyo imekwisha. Mtoto akikatizwa hivyo kila siku, kwa miaka mitatu, hujifunza vizuri sana somo moja: usianze jambo kwa moyo wote, maana halitakwisha. Kisha akifika gredi ya nne tunashangaa mbona hana makini.

Hata sifa hukatiza. Hili lilinichukua muda kulikubali, kwa sababu sisi watu wa Pwani ni watu wa kupongezana. Mtoto amekaza macho, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, na mwalimu anapaza sauti kwa mapenzi yote: "Ee! Hodari! Mpigieni makofi!" Mtoto anainua uso, anatabasamu, na kazi imekufa. Kuanzia hapo anamtazama mwalimu, hatazami tena alichokishika. Siku hizi tumekubaliana darasani kwetu kwamba pongezi zingoje mpaka mtoto ainue uso mwenyewe.

Kuhusu vifaa, nianze na jikoni, maana watoto wa umri huu hapo ndipo wanapopaelewa. Montessori aliziweka kazi za maisha ya kila siku mbele ya herufi na nambari: kumimina, kufagia, kukunja, kufunga vifungo, kupangusa meza, kuosha mikono kwa mpangilio kuanzia kumimina maji mpaka kutundika taulo. Nyumba za Mombasa zimejaa kazi hizo. Tuna uteo mdogo wa kupepetea mchele, ndimu za kukamua, leso za kukunja pembe kwa pembe, kibao cha chapati chenye msukumio mfupi. Nazi tunakuna, naam, kwa mbuzi halisi, mtoto wa miaka sita na mwalimu amechutama ubavuni mwake. Maji tunamimina kwa jagi la kioo na bilauri za kioo. Wazazi hushtuka wakiziona. Kikombe cha plastiki kikianguka hakimwambii mtoto lolote. Bilauri ikianguka imesema yenyewe, na mwalimu hana haja ya kugomba. Inatokea mara chache kuliko mtu anavyofikiri, kwa kuwa mtoto aliyekabidhiwa kitu cha thamani hukibeba kwa mikono miwili.

Tuliwahi kuletewa mvulana wa miaka minne kutoka Mishomoroni, aliyekwisha kuondolewa katika shule nyingine kwa kuitwa mtundu. Na kweli hakukaa. Alizunguka darasa zima, akagusa kila kitu na kukiacha, akawabomolea wenziwe. Siku moja mpishi alileta mbaazi mbichi, zikawekwa bakuli mbili mezani, moja ya mbaazi na moja ya maganda. Yule mvulana akaketi. Akaambua ganda la kwanza kwa meno, la pili kwa kucha, kisha akagundua kwamba ukilibana nchani kwa kidole gumba linafunguka lenyewe. Baada ya hapo hatukumsikia. Wenzake walikwenda uani wakarudi. Mwalimu mwenzangu alitaka kumwita, nikamzuia kwa mkono. Alipomaliza alizipanga mbaazi mstari mmoja kwenye ukingo wa meza, akazihesabu mpaka pale hesabu yake ilipokomea, akarudi mwanzo. Halafu akaenda kukaa na wenzake, akawa mpole siku nzima. Sikusema neno kwake.

Mamake alipokuja kumchukua hakufurahi. "Mwalimu, kwani mimi nimelipa karo mwanangu aje aambue mbaazi? Hizo si ziko tele nyumbani?"

"Ziko, mama. Na nyumbani humwachia aziambue?"

"Ah, atanichelewesha. Nami nauza."

Nilimwonyesha mkono wangu: gumba, shahada na kidole cha kati. Vidole hivyo vitatu vilivyobana ganda ndivyo vitakavyoshika penseli. Vipande vya mviringo vya Montessori vina kirungu kidogo juu, na kirungu kile kimewekwa makusudi ili mtoto akishike kwa vidole hivyo hivyo. Mkono ambao haujabana, haujakamua na haujakuna hauna nguvu ya kuandika, hata ukilazimishwa kujaza kurasa ngapi za herufi a. Alinisikiliza. Kisha akauliza swali lililo moyoni mwa kila mzazi wa mji huu: "Lakini ataandika lini? Wa jirani yuaandika mpaka mia."

Silidharau swali hilo. Limewekwa midomoni mwao na hofu ya kweli. Shule za binafsi huwafanyia usaili watoto wa miaka minne na mitano, wakawaambia waandike majina yao mbele ya mtu wasiyemjua, na mtoto akilia huhesabiwa hajui. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza shule ya umma kumtahini mtoto kama sharti la kumpokea, lakini hofu haisomi sheria. Ndiyo inayowaleta watoto wa miaka mitatu nyumbani na mkoba wa kazi ya ziada, na ndiyo inayomfanya mwalimu mzuri awashike mikono watoto ishirini mmoja mmoja ili madaftari yajae kabla ya mkutano wa wazazi.

Kuandika kunakuja, tena mapema, ila kwa njia nyingine. Montessori aliwakatia watoto herufi za msasa na kuzibandika juu ya mbao. Mtoto huifuata herufi kwa vidole viwili, mkwaruzo ukimwonyesha njia, huku akitamka sauti yake: mmm, sio "emu". Kisha hupewa sanduku la herufi za kukatwa, irabu kwa rangi moja na konsonanti kwa nyingine, na huanza kupanga maneno aliyonayo kinywani hata kabla mkono wake haujaweza kuyaandika kwa kalamu. Watoto wa San Lorenzo waliandika kabla ya kusoma, na hilo liliwashangaza watu waliokwenda kuwatazama.

Sababu moja ni kwamba Kiitalia huandikwa karibu na kinavyotamkwa. Kiswahili je? Sisi tumebarikiwa zaidi. Mtoto wa Kisauni anayezijua sauti zake anaweza kupanga papai, kuku, samaki, kitabu, bila mtu kumwambia kuna herufi isiyotamkwa. Kadi za sh, ch, dh, th, gh na ng' tumezitengeneza kila moja kama herufi moja, na watoto wanaokwenda chuo cha Kurani jioni hawana shida na dh wala gh, ndimi zao zimeshazoea. Mwingine hupanga "mato" badala ya macho, kama asikiavyo kwa bibi yake Mji wa Kale, nami namwachia. Ameandika alichosikia, na hiyo ndiyo kazi ya herufi. Basi inaniuma kuona mji uliozaa washairi kama Muyaka bin Haji ukimfundisha mtoto wake wa miaka mitatu herufi ya kwanza ya maisha yake kwa picha ya tufaha, katika lugha ambayo herufi a ina sauti kadhaa. Sera ya elimu ya Kenya yenyewe inataka madarasa haya ya chini yafundishwe kwa lugha ya mahali watoto wanapoishi. Kiingereza kitakuja, na kitamkuta mtoto anayejua tayari kwamba maneno hujengwa kwa sauti.

Vifaa vya kutoka ng'ambo ni ghali, na hapa ndipo shule nyingi zilizoandika jina ukutani hukwama. Sisi tulikwenda kwa fundi seremala Majengo. Mnara wa waridi, kifaa mashuhuri kuliko vyote, ni michemraba kumi, wa kwanza sentimita 10 kila upande, wa pili 9, hadi wa mwisho sentimita 1. Fundi alitutengenezea kwa mvule, kazi safi, kona zimepigwa randa vizuri, lakini miwili ya katikati ilikaribiana kwa milimita kadhaa. Nilipomwonyesha alicheka. "Mwalimu, milimita hizi mtoto wa miaka mitatu ataziona wapi?" Siku aliyoleta rafu alimkuta msichana mdogo amechuchumaa mbele ya mnara, anabadilisha ile miwili, huu juu, ule juu, anauondoa, anaupima kwa kiganja. Aliendelea hivyo mpaka fundi akaweka rafu chini na kusimama akitazama. Kisha fundi aliuchukua mmoja akaenda nao bila kuulizwa, akaurudisha umetengenezwa upya, wala hakutaka malipo.

Usahihi ule ndio unaomruhusu mwalimu anyamaze. Mnara ukijengwa vibaya, jicho la mtoto linaona ngazi moja imeruka. Kipande cha mviringo kikiingizwa tundu lisilo lake, kingine kitakosa mahali mwishoni. Kosa linajionyesha, na mtoto analisahihisha bila aibu, hakuna aliyemsahihisha mbele ya watu. Kifaa kilichotengenezwa ovyo kinamrudisha mwalimu kazini, na mwalimu akirudi, ukatizaji umerudi naye.

Shanga za hesabu tunatunga wenyewe kwa waya: moja ni ushanga mmoja, kumi ni kijiti cha shanga kumi, mia ni mraba wa vijiti kumi, elfu ni mraba juu ya mraba mpaka ukapata mchemraba. Mtoto wa miaka mitano akiubeba ule mchemraba kwa mikono miwili, anajua elfu ni kitu gani kabla hajaandika sifuri tatu. Nimewaona wakubwa wakiushika na kunyamaza.

Nisiseme kana kwamba haya yote tumeletewa. Chuo cha zamani cha Mombasa kilikuwa na mambo mawili ambayo shule ya kikoloni iliyafuta na Montessori akayapigania: watoto wa umri mbalimbali katika chumba kimoja, na kila mmoja mahali pake. Huyu yuko kwenye alif, yule amefika juzuu ya Amma, mwingine anakaribia kuhitimu, na mkubwa anamsomesha mdogo huku mwalimu akiwasikiliza wote. Hakuna aliyengoja darasa zima lifike. Kilichokosekana ni kazi ya mkono, na kilichozidi ni bakora, ambayo leo sheria za Kenya zimeikataza.

Na hapa hapa Mombasa, katika miaka ya 1980, jamii ya Waislamu ilipoona watoto wake wakiachwa nyuma shuleni, ulianzishwa mpango wa chekechea za madrasa kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan. Bi Swafiya Said alikuwa mwalimu wake wa mwanzo. Walimu wake walikuwa wanawake wa mitaa hiyo hiyo, na vifaa vilikuwa vifuu, makombe, mbegu, vizibo na vitambaa, vikipangwa ili mtoto achague mwenyewe. Njia yao ilikaribiana zaidi na ile iitwayo HighScope ya Marekani kuliko ya Montessori, lakini roho ni ndugu. Mpango ukaenea hadi Zanzibar na Uganda, na utafiti wa Mwaura, Sylva na Malmberg uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha watoto waliopitia chekechea hizo wakiwatangulia wenzao wa chekechea nyingine katika kufikiri, na wote wakiwatangulia waliobaki nyumbani. Watu hutafuta mifano mbali na wao wamekaa juu yake. Hata kwa Montessori yenyewe hatuna haja ya kwenda mbali: karibu na Nakuru, familia zilizokimbia ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilianzishiwa shule za mradi wa Corner of Hope, na walimu wake walitoka miongoni mwa watu hao hao.

Je, inafaa kweli? Mwanasaikolojia Angeline Lillard wa Marekani amelichunguza swali hilo kwa njia ninayoiamini. Aliwalinganisha watoto waliopata nafasi ya shule za umma za Montessori kwa bahati nasibu na wale waliokosa katika bahati nasibu hiyo hiyo, hivyo wazazi wao wote walikuwa watu wenye hamu moja. Alifanya hivyo Milwaukee, matokeo yakatoka mwaka 2006, kisha Hartford kwa watoto 141, yakatoka 2017. Waliokuwa Montessori walikwenda mbele zaidi, na huko Hartford pengo kati ya watoto wa kipato cha chini na wa kipato cha juu lilipungua. Lakini utafiti wake ninaourudia zaidi ni wa mwaka 2012. Aligundua kwamba madarasa ya Montessori yaliyochanganya vifaa vyake na karatasi za mazoezi na mambo mengine ya kawaida hayakupata faida ile ile iliyoonekana katika madarasa yaliyofuata mpango wenyewe. Kwa wenye shule zetu zenye mnara wa waridi rafuni na kengele ya nusu saa ukutani, nawaomba wausome huo.

Kuna jambo sikubaliani naye Montessori mwenyewe. Hakupenda watoto wa chini ya miaka sita wapewe hadithi za kubuni, aliona wanahitaji kwanza mambo halisi. Mimi nimelelewa na "paukwa, pakawa", na sungura wa bibi yangu hakunizuia kujua sungura wa kweli. Katika darasa letu hadithi ipo kila siku, na watoto wakijipikilia uani kwa vifuu na mchanga, wakawa mama na baba na wageni wa harusi, hakuna anayewaambia waje washike kazi ya maana.

Mzazi anayekwenda kutazama shule, namshauri aombe kukaa kwenye kona ya darasa asubuhi, kimya, kwa muda mrefu. Asihesabu vifaa. Amchague mtoto mmoja aliyeanza kitu, amtazame yeye tu, aone ni nani atakayemkatiza: kengele, mwalimu, wimbo, mgeni kama yeye mwenyewe. Kama kwa muda wote ule hakuna mtoto aliyewahi kufika mwisho wa jambo lake, basi lolote lililoandikwa ukutani halitamsaidia mwanawe. Na walimu wa PP1 na PP2, yaani madarasa mawili ya chekechea, wa shule za umma, ambao kwa Katiba ya 2010 wako chini ya kaunti, na ambao wana watoto wengi na mshahara mdogo, nawaambia kwa heshima: mtaala wa sasa hauwakatazi kuunganisha shughuli mbili zikawa kipindi kimoja kirefu. Anzeni na asubuhi moja kwa wiki. Mbaazi mnazo.

Kwetu bado kuna jambo moja linalonisumbua, nalo ni uji. Unaletwa saa nne kasoro robo, wakati ule ule watoto wanapochemka, nasi tunawasimamisha wote, huku najua wangetulia wenyewe kama tungengoja. Muhula ujao utakuwa kwenye meza ndogo karibu na dirisha kuanzia saa tatu, ndani ya chupa ya chai, na vikombe vinne na viti vinne. Atakayemaliza kazi yake atakwenda kujimiminia. Viti vikijaa, atangoja. Mpishi wetu amekubali, ila ametaka vikombe waoshe wenyewe, na beseni tumeshanunua.